Figo zikifeli, mifupa na misuli nayo hudhoofika

MGONJWA anayesafishwa damu kwa mashine huzoea kuulizwa kuhusu shinikizo la damu, kuvimba kwa miguu na kiasi cha maji anachokunywa. Ni nadra kuulizwa iwapo anaweza kuinuka kitini bila kujishikilia. Ilhali udhaifu wa mifupa na misuli ndio humfanya mgonjwa ashindwe kujitegemea, hata pale mashine inapofanya kazi barabara. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka wa 2000 ulionyesha kwamba wagonjwa hao huvunjika nyonga takriban mara 4 zaidi ya watu wengine.

Kiini cha tatizo ni kwamba figo hazichuji uchafu pekee. Ndizo huipa vitamini D umbo ambalo mwili unaweza kulitumia kufyonza kalsiamu kutoka kwenye chakula, na ndizo hutoa fosforasi iliyozidi. Zinapofeli, fosforasi hujaa katika damu huku kalsiamu ikipungua. Tezi 4 ndogo zilizo shingoni, ziitwazo parathairoidi, hupokea habari hiyo na kumwaga homoni inayochota kalsiamu kutoka mifupani. Hali hiyo ikiendelea kwa miaka, mifupa hubaki dhaifu, na kalsiamu iliyochotwa huweza kuganda katika kuta za mishipa ya damu na kuhatarisha moyo.

Mashine haiwezi kuziba pengo hilo. Kipindi kimoja cha saa 4 huondoa takriban miligramu 800 za fosforasi, ilhali mlo wa kawaida wa siku moja huwa na miligramu 1,000 au zaidi. Wengi wa wagonjwa wa Kenya wamezoea vipindi 2 kwa wiki, kwa kuwa ndivyo vilivyolipiwa na bima ya NHIF kabla ya SHA kuchukua nafasi yake Oktoba 2024. Katika mataifa mengi tajiri, kawaida ni vipindi 3.

Ndiyo maana daktari huagiza vidonge vya kunasa fosforasi tumboni. Vidonge hivyo humezwa pamoja na chakula. Mgonjwa anayevimeza usiku kabla ya kulala hupoteza pesa zake bure, kwani hakuna cha kunasa. Aidha, asijinunulie dawa za kiungulia zenye aluminiamu. Madini hayo yaliwahi kuleta maafa mjini Newcastle, Uingereza, katika miaka ya 1970, pale maji yaliyotumiwa kwenye mashine yalipokuwa nayo. Mifupa ya wagonjwa ilivunjika na wengine wakaharibika ubongo.

Kuhusu chakula, ushauri wa kale wa kunywa maziwa ili kuimarisha mifupa humgeukia mgonjwa wa figo. Glasi moja huwa na zaidi ya miligramu 200 za fosforasi. Mbaya zaidi ni fosforasi inayotiwa viwandani katika soseji, jibini laini na soda nyeusi, kwa kuwa karibu yote hufyonzwa. Ile iliyomo katika maharagwe na nafaka hufyonzwa kwa kiasi kidogo zaidi.

Misuli nayo ina masaibu yake. Kila kipindi huondoka na gramu 6 hadi 12 za chembe zinazojenga protini. Ongeza asidi inayolundikana katika damu, uvimbe wa ndani kwa ndani, kukosa hamu ya kula na saa nyingi za kulala kitandani, na misuli huyeyuka polepole. Hapa ndipo wengi hukosea. Kabla ya kuanza kusafishwa damu, mgonjwa huambiwa apunguze nyama na mayai. Akishaanza, agizo hubadilika: anahitaji gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzani wake kwa siku, yaani gramu 60 hadi 72 kwa mtu wa kilo 60. Wasioelezwa badiliko hilo huendelea kujinyima. Ute mweupe wa yai ni msaada mkubwa, kwani una protini nzuri na fosforasi kidogo mno.

Mazoezi pia yana nafasi yake. Katika utafiti uliofanyiwa zaidi ya wagonjwa 900 nchini Ujerumani na kuchapishwa 2023, waliofanya mazoezi wakiwa kwenye mashine kwa miezi 12 waliongeza idadi ya mara wanazoweza kuinuka kitini kwa dakika moja kutoka 16 hadi 19. Wenzao wasiofanya walishuka hadi chini ya 15. Mazoezi hayo yalikuwa ya kukanyaga pedali na kuinua uzito mwepesi, huku mkono uliounganishwa na mashine ukiachwa utulie.

Asiye na pedali anaweza kutembea kila siku, au kuketi na kuinuka mara kadhaa nyumbani, mradi daktari awe ameukagua moyo wake kwanza. Maumivu ya mifupa yasiyoisha, mwasho wa ngozi na udhaifu wa mapaja unapopanda ngazi ni dalili za kumweleza daktari mapema, ili apime kalsiamu, fosforasi na homoni ya parathairoidi.