Gitaa Kavu la Katanga na Mashine Iliyolinasa

Vijana wengi wa Lualaba, wa Sandoa wakiwamo, walikwenda kutafuta kazi kwenye migodi ya shaba ya Katanga, nchini Kongo. Huko kwenye kambi za wafanyakazi gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, la nyuzi sita lilishika nafasi iliyokuwa ya likembe, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, kijijini.

Bingwa wake alikuwa Mwenda Jean Bosco, mzaliwa wa Bunkeya, 1930. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimkuta Jadotville, Likasi ya leo, akamrekodi akipiga «Masanga». Hapakuwa na studio wala spika. Tracey alisafiri na gari lenye mashine ya kurekodia. Jenereta liliwekwa mbali ili ngurumo yake isiingie katika muziki, na maikrofoni mara nyingi aliishika mwenyewe, akiisogeza karibu na chombo.

Tazama mkono wa kulia: kidole gumba kinatembeza besi, cha shahada kinapiga wimbo. Ni vidole viwili tu, ila msikilizaji huapa kwamba wapigaji ni wawili. Kwa maoni yetu, hakuna kifaa cha studio kilichowahi kuushinda mkono huo.

Sahani za santuri za kampuni ya Gallotone ziliusambaza wimbo huo hadi Afrika Mashariki. Mwenye santuri ya zamani nyumbani asiitupe.