Fungua Bila Kuvunja

Kiswahili kina ujanja wake. Kile kipande cha chuma tunachobeba mfukoni hatukukiita kifungio. Tulikiita ufunguo, kutoka kwa kufungua, na ile kazi yake nyingine hata haikutajwa. Nimelifikiria sana jambo hili tangu nianze kufuatilia historia ya vitasa vya magari ya zamani, kwa sababu historia yenyewe inakubaliana na lugha. Kwa miongo mingi kufunga gari ilikuwa kama adabu tu baina ya watu. Aliyetaka kuingia kweli, aliingia.

Chukua Ford Model T, lile gari lililowapandisha Wamarekani wa kawaida kwenye magurudumu kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15 yakitoka kiwandani. Yale ya wazi, yaliyofunikwa kwa turubai tu, hayakuwa na kitasa mlangoni. Tena kwa miaka mingi yale yaliyouzwa Marekani hayakuwa hata na mlango wa kweli upande wa dereva: kulikuwa na umbo la mlango limechapwa kwenye bati, mlango wa uongo, na dereva alipanda kwa upande wa pili. Kilichokuwa na ufunguo ni swichi ya umeme. Sasa sikia hii. Funguo za swichi zilizozoeleka zilikuwa za aina 24 tu, zikipewa namba kutoka 51 hadi 74. Na hiyo namba ilikuwa imegongwa pale pale kwenye bamba la swichi, mbele ya macho ya kila mpita njia. Ukipoteza ufunguo unaenda dukani unaitisha 63, unarudi nyumbani. Piga hesabu mwenyewe: yakiegeshwa magari 48 nje ya kanisa, kwa wastani mawili yanawaka kwa ufunguo wako.

Usifikiri Waingereza walikuwa na akili zaidi. Magari yao mengi ya miaka ya 50 na 60, yakiwemo ya MG na Land Rover, yalitumia funguo za mfululizo wa FS, kutoka FS876 hadi FS955. Hiyo ni aina 80. Namba, tena, ilionekana kwenye uso wa swichi. Land Rover zenye paa la turubai ndizo zilizochekesha kabisa, kwani unafunga mlango kwa makini huku ukuta wa pembeni ni kitambaa ambacho kisu cha jikoni kinakimaliza.

Ndani ya kitasa chenyewe mambo hayakuwa magumu. Mwaka 1861, na tena 1865, Linus Yale Mdogo wa Marekani alipata hataza za kitasa cha silinda chenye vijiti vidogo vya chuma na ufunguo bapa, ule ule ulio kwenye mlango wako leo. Watengenezaji wa magari walichukua wazo linalofanana wakalirahisisha: badala ya vijiti, wakaweka vibati vyembamba vinavyosukumwa na springi. Ufunguo sahihi unavivuta vyote vilingane na silinda, silinda inazunguka. Ni rahisi kuunda, ni nafuu, na havikwami sana kwa vumbi. Lakini vibati vinalika. Baada ya miaka 30 ya barabara zetu vinakuwa vimekwisha kiasi kwamba ufunguo uliochakaa wa gari moja unaweza kufungua lingine. Ndiyo maana wazee mtaani wana hadithi za mtu aliyeingia Datsun isiyo yake, akawasha, akaendesha hadi kona kabla ya kushangaa kiti cha mtoto kimetoka wapi.

Hapa kwetu gari lililofundisha watu wengi somo hili ni Volkswagen Beetle. Safari Rally ya kwanza, 1953, iliyoandaliwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, Alan Dix alimaliza akiwa mshindi ndani ya Beetle. Volkswagen ilishinda tena 1954, 1957 na 1962. Tangazo bora kuliko hilo hakuna. Injini nyuma, hakuna maji ya kuchemka, matope haliyaogopi. Kwa familia nyingi ndilo likawa gari la kwanza.

Beetle ina vitu viwili vinavyohusu hadithi yetu. Cha kwanza, ilibanwa vizuri mno, hewa haina pa kutokea. Ukifunga vioo vyote kisha ubamize mlango, mlango unakataa, masikio yanauma. Kwa hivyo watu walizoea kuacha kile kioo kidogo cha pembetatu, kilicho mbele ya dirisha, kimefunguka kidogo. Unaona tatizo. Kioo hicho kinazunguka kwenye mhimili wake na kilishikwa na kikomeo kimoja kidogo. Waya ya hanga na subira ya dakika tano zilitosha, mkono ukapita, kitasa kikavutwa kwa ndani. Magari mengi ya enzi hizo yalikuwa na kioo cha aina hii, na wezi walikijua kabla ya mafundi.

Cha pili kinanifurahisha zaidi. Namba ya ufunguo wa Beetle iligongwa kwenye shina la mkono wa mlango, sehemu inayoingia ndani ya mlango. Fundi akiisoma anaweza kuchonga ufunguo mpya kabisa bila kuona wa zamani. Lakini skrubu inayoshika mkono huo imejificha kwenye ukingo wa mlango, pale panapofichwa mlango ukifungwa. Yaani siri ya kufungua mlango unaipata mlango ukishafunguka. Wajerumani, jamani.

Kuna atakayeniuliza kwa nini naandika haya, si nawapa wezi darasa? Swali hili ni la zamani kuliko magari. Mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu ya London, Mmarekani aitwaye Alfred Charles Hobbs, muuzaji wa vitasa, alijitokeza akasema vitasa vya Kiingereza vinafunguka. Alianza na kile cha Chubb kilichosifiwa kwamba kinamnasa mtu anayekichokoa. Alikifungua kwa dakika 25. Kisha akaenda kwenye duka la Bramah, ambako kwa miongo kadhaa kitasa kimoja kilikaa dirishani na zawadi ya gini 200 kwa atakayekishinda. Alikifanyia kazi saa zipatazo 51 ndani ya siku 16, kikafunguka. Magazeti yakawaka moto. Watu wakasema mambo haya yangebaki siri. Jibu la Hobbs lilikuwa jepesi: wahuni wanaijua kazi yao vizuri, na tayari wanajua zaidi ya tunayoweza kuwafundisha. Anayedanganywa na siri ni mnunuzi mwaminifu peke yake.

Mimi niko upande wa Hobbs. Isitoshe, hakuna mwizi mwenye akili zake anayeiba Beetle ya 1966 leo. Anaipeleka wapi? Gari zima mtaa unalijua. Magari ya sasa ni kitu kingine. Ulaya iliamuru kila gari jipya kuanzia 1998 liwe na kifaa cha kuzuia injini isiwake bila ufunguo wenye chipu yake, na chuma chenyewe kimebaki kama pambo. Wanaohitaji kufungua gari kuukuu bila ufunguo ni watu wa namna nyingine kabisa: wajane, watoto wa marehemu, wajukuu.

Mwaka jana nilimfuata fundi wa funguo, wale wanaokaa kando ya barabara katikati ya mji na kasanduku ka mbao na mashine ya mkono, hadi Buruburu. Mama mmoja alikuwa na Beetle ya mumewe chini ya paa la mabati, imefungwa tangu mazishi. Ufunguo haukuwahi kuonekana. Cheti cha umiliki, yaani logbuku, aliamini kiko kwenye dashibodi, na bila hicho mirathi ilikuwa imekwama kwa suala la gari. Dalali alikuwa amempa bei ya chuma chakavu: halina ufunguo, halina karatasi, mama, litoe tu. Wapwa walikuwa na wazo lao, jiwe kwenye kioo cha pembetatu.

Fundi alikataa jiwe. "Hiyo raba imekauka, kioo ukigusa kinapasuka, na chenyewe cha original hupati Grogan, hata ulie." Kabla ya kufungua kasanduku aliomba kitambulisho cha mama, cheti cha kifo, na mzee wa nyumba ya jirani aje asimame hapo. Wapwa walinuna. Nilipenda hilo kuliko kila kitu kilichofuata.

Kilichofuata kilikuwa polepole. Akanyunyizia mafuta kwenye tundu, akangoja. Akakwangua penseli, ule unga mweusi akaupuliza ndani. Akachukua ufunguo ambao haujachongwa, akaupaka moshi wa mshumaa hadi ukawa mweusi, akauingiza, akaukaza kulia kushoto, akautoa. Kwenye ule weusi kulikuwa na vijialama vidogo sana, mahali vibati vilipoukwaruza. Hapo ndipo tupa inapita, kidogo tu, kisha moshi tena, ndani tena. Alama ikiacha kujitokeza mahali fulani, kibati hicho kimeridhika, anahamia kingine. Hakusema neno kwa karibu saa mbili. Mama alileta chai, ikapoa.

Mlango ulipofunguka ulitoa ile harufu ya Beetle, petroli na sponji ya viti. Logbuku ilikuwa kwenye dashibodi ndani ya bahasha, pamoja na risiti za petroli na kitambaa cha kufutia miwani. Wapwa wakaanza kuzungumza bei. Fundi hakuwasikiliza. Alikuwa amepiga goti kwenye ukingo wa mlango na skrudraiva, akitoa ile skrubu iliyojificha, akavuta mkono wa mlango, akausugua kwa kidole. Namba ilikuwepo. Akamwomba mama kalamu.

"Andika nyuma ya kitambulisho chako cha kanisa," akamwambia. "Na usimpe mtu."