Mshenga na Njia ya Mwongo

Wazee wetu walisema kwamba njia ya mwongo ni fupi. Mara nyingi twaitamka methali hii kana kwamba uongo hufika mwisho wenyewe. Sivyo. Njia hiyo ilikuwa fupi kwa sababu kando yake walisimama watu waliomjua msafiri: jirani, shangazi, mzee wa mtaa. Katika insha hii twataka kuitazama kazi ya watu hao katika mambo ya uchumba, na kuona imekuwaje njia ya mwongo ikarefuka katika zama za intaneti.

Katika jamii nyingi za Tanzania, za pwani na za bara, kijana hakwenda kujisemea mwenyewe ukweni. Alitumwa mshenga. Wengi hudhani kwamba mshenga alikuwa mpeleka maneno na mpatanishi wa mahari tu, lakini kazi yake ilikuwa kubwa zaidi: aliiweka rehani heshima yake kwa ajili ya yule aliyemtuma. Wala posa haikujibiwa papo hapo. Wazazi wa binti waliomba muda, na katika muda huo mposaji alichunguzwa: ni mtoto wa nani, anaishi kwa kazi gani, ana mke mwingine au hana. Mtu wa kubuni asingepenya kwa urahisi katika chujio hilo.

Hatusemi kwamba utaratibu huo haukuwa na dosari. Mara nyingine waliulizwa watu wote isipokuwa binti mwenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitia mkazo hiari ya wote wawili, ikatamka kwamba ridhaa iliyopatikana kwa hila si ridhaa ya hiari. Sheria hiyo hiyo ilitaka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, nayo itangazwe, ili mwenye pingamizi apate kulisema. Hivyo hiari ya mtu na ushahidi wa jamii viliwekwa pamoja.

Intaneti imevitenganisha tena. Humo kijana hujisemea mwenyewe, kwa jina alitakalo na picha aitakayo, naye asikilizaye yu peke yake usiku na simu mkononi. Tuchukue mfano mmoja ulioshtua ulimwengu. Mwaka 2011, wakati wa machafuko ya Syria, maelfu ya watu walisoma katika intaneti maandishi ya msichana aliyejiita Amina, mkazi wa Damascus. Mwanamke mmoja wa Kanada alimpenda, wakaandikiana mamia ya barua bila ya kuonana hata mara moja. Tarehe 6 Juni ilitangazwa kwamba Amina ametekwa na watu wenye silaha, na watu wa nchi mbalimbali wakadai afunguliwe. Ndipo waandishi wa habari walipouliza: ni nani aliyewahi kumwona? Hakupatikana hata mmoja. Picha zilikuwa za mwanamke mwingine aliyeishi London, asiyejua lolote. Tarehe 12 Juni mwanamume wa Kimarekani, mwanafunzi huko Scotland, alikiri kwamba Amina alikuwa yeye.

Tuzingatie kilichomfichua. Hakikuwa chombo kipya cha kitaalamu peke yake, bali lilikuwa swali lile lile la mshenga. Lau lingeulizwa mapema, mwanamke yule asingelia kwa ajili ya mtu asiyekuwapo, wala wanaharakati wa kweli wa Syria wasingetiliwa shaka kwa makosa ya mwongo mmoja.

Nchini kwetu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 imekataza mtu kujifanya mwingine kwa kutumia kompyuta. Lakini sheria huja baada ya fedha kutumwa na moyo kuvunjika, desturi hutangulia. Hatuwataki vijana wetu warudi katika ndoa za kuamuliwa. Twawataka waihifadhi hiari yao pamoja na swali la wazee wao, na wasione haya kumwambia ndugu au rafiki, “Nimempata mtu, nisaidie kumjua.” Naye mwalimu, afundishapo methali ile darasani, aeleze pia ni nani aliyeifupisha njia ya mwongo. Tukiacha kusimama kando yake, itaendelea kurefuka.