Saiba za Voi na Ofisi ya Mfukoni

Voi imekuwa mahali pa kubadilishia safari tangu reli ya Mombasa ilipofika mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1915, Waingereza walipokuwa wakipigana na Wajerumani upande wa Taveta, jeshi lilianza kutandika tawi la reli kutoka Voi kupitia Maktau. Miaka tisini hivi baadaye, vijana na walimu walioshuka kutoka milima ya Taita walikuwa na sababu zao za kusimama mjini: barua ya kuomba kazi ya kuchapa, baruapepe ya kusoma, cheti cha kutoa fotokopi. Wengi waliishia saiba, yaani duka la kompyuta na intaneti.

Saiba ilikuwa na sheria zake. Kompyuta ni ya mwenye duka, aghalabu mtumba kutoka Ulaya wenye Windows XP, na nenosiri la msimamizi analijua yeye. Mteja hulipa kwa dakika, na shilingi moja ndiyo iliyozoeleka katika miji mingi ya Kenya, kisha hutumia alichokikuta. Akitaka kusakinisha programu nyingine, mashine inakataa. Baadhi ya wenye saiba waliweka Deep Freeze: kompyuta ikizimwa na kuwashwa inarudi ilivyokuwa asubuhi, na kila ulichoacha humo kimefutika.

Ukombozi ulikuja umening'inia kwenye funguo. Flashi ambazo IBM ilianza kuziuza mwishoni mwa mwaka 2000 zilibeba megabaiti 8. Leo picha moja tu inaweza kuijaza flashi kama hiyo, lakini disketi ya wakati huo ilibeba 1.44. Nafasi ilipoongezeka, kukazuka swali: kwa nini flashi ibebe barua bila kubeba na programu iliyoiandika? Mwaka 2004 Mmarekani John T. Haller alitoa kivinjari cha Firefox kilichoendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi, na programu za ofisi za OpenOffice zikafuata. SanDisk na M-Systems walileta mfumo wao wa programu za kubeba, U3, mwaka 2005, ila haukudumu.

Programu ya kawaida hutawanya faili zake ndani ya kompyuta na kujiandikisha kwenye rejista ya Windows. Ya kubeba huweka kila kitu chake katika folda moja, mipangilio na alamisho zikiwemo. Unachomeka flashi, unabofya, unafanya kazi, unaondoka nayo. Mara nyingi haimwombi mtu nenosiri la msimamizi, jambo lililowafurahisha makarani na kuwaudhi wasimamizi wa kompyuta maofisini, na wasimamizi hao hawakuwa na makosa.

Waliofaidi zaidi ni mafundi. Fundi wa Voi akiitwa shule ya Taveta, zaidi ya kilomita 100 kwa barabara, hana haja ya kubahatisha intaneti ya huko: flashi yake ina Recuva ya kufufua faili zilizofutwa, 7-Zip ya kufungua zilizobanwa, na kisoma PDF.

Flashi hiyohiyo ilisafirisha maradhi, na hapo ndipo wasiwasi wa wasimamizi ulipotoka. Windows za zamani zilikuwa na tabia ya kuweza kuendesha programu iliyotegwa kwenye flashi mara ikichomekwa, na kirusi cha Conficker, kilichoibuka mwaka 2008, kilijua kuitumia. Microsoft iliizima tabia hiyo kwenye XP mwaka 2011. Bado vilibaki vile virusi vya njia za mkato: mteja anafungua flashi na kukuta folda zake zote zimegeuka vialama vyenye kamshale. Faili hazijaenda popote, zimefichwa tu. Fundi huandika amri ya attrib, nazo hujitokeza. Wasiojua waliformati flashi, wakapoteza ripoti na vyeti walivyoskani kwa pesa.

Mwaka 2009 nyaya za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na polepole shughuli za serikali zikahamia mtandaoni. Kwa kuwa kazi ilifanyikia kwenye kivinjari, sasa mteja wa saiba hakukosa programu. Alichohitaji ni mahali salama pa kuingizia nenosiri lake. Firefox ya kwenye flashi ingemfaa hapo, maana haiachi historia yake kwenye mashine ya mwenye duka. Ajabu ni kwamba wateja wengi waliendelea kumwachia mhudumu nenosiri limeandikwa kwenye kikaratasi.

Mamlaka ya mapato ya Kenya, KRA, nayo ilikuja na iTax, mfumo wake wa kodi wa mtandaoni, na bila kukusudia ikaurudisha mtindo wa kubeba. Mlipa kodi alipakua faili ya Excel, akaijaza bila intaneti kwa kutazama P9, fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa, akabofya kitufe cha kuthibitisha, na faili ikatengeneza zip ya kupakia kwenye tovuti. Ilikuwa programu nzima ndani ya lahajedwali, inayobebeka kwa flashi kutoka Wundanyi, juu milimani, hadi Voi. Lakini makro, yaani amri zilizomo ndani ya lahajedwali, zikiwa zimezimwa, kitufe kinabofywa na hakitokei kitu, huku siku ya mwisho ya kuwasilisha, 30 Juni, ikikaribia na foleni ikirefuka. Baadaye wenye mapato ya mshahara pekee walipewa fomu ya kujaza moja kwa moja kwenye tovuti. Wenye mapato ya biashara waliendelea na ile ya Excel.