Amri ya Kidole katika Nchi ya Ugogo

Katika nchi ya Ugogo amri ya safari ilikuwa sauti kabla haijawa kidole. Msafara uliotoka pwani kwenda Unyanyembe uliongozwa na kirangozi. Ngoma na baragumu ndivyo vilivyowajulisha wapagazi saa ya kujitwika na saa ya kutua. Burton na Speke walipopita huku mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, walikuta sheria moja wasiyoweza kuikwepa: mgeni hulipa hongo kwa mtemi, ndipo apewe ruhusa ya maji na njia. Baada ya kuvuka Marenga Mkali, nyika kame isiyo na kisima, hapana msafara uliokuwa na nguvu ya kubishana sana. Mwenye msafara aliwaamuru watu wake, lakini mwenye maji alimwamuru yeye.

Kisa hiki cha kale chafaa kukumbukwa na kila atazamaye desturi mpya ya zama zetu, yaani kuiamuru motokaa kwa njia ya simu, na kuiamuru simu yenyewe kwa mguso wa kidole. Husemwa mara nyingi kwamba desturi hii imemfanya mwenye gari kuwa bwana kamili wa chombo chake. Nia ya insha hii ni kulipima dai hilo kwa historia.

Mabadiliko makubwa yalikuja na reli. Ujenzi wake ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914. Sambamba na reli zilikwenda nguzo za simu, na kidole cha karani kilichogonga chombo cha stesheni kikafikisha habari mbele kabla ya treni kufika. Neno simu lenyewe ni ushahidi wa mambo hayo, kwani asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni waya. Karani alipata uwezo ambao kirangozi hakuwa nao, wa kusema na mtu asiyemwona. Lakini waya ulikuwa na mwenyewe. Ulitawaliwa na serikali ya Wajerumani, kisha ya Waingereza. Na mkulima wa Ugogo, aliyeziona nguzo zikipita karibu na shamba lake, hakuwa na neno la kusema ndani yake.

Kioo cha kugusa kilielezwa mwaka 1965 na Mwingereza E. A. Johnson, mtafiti katika kituo cha rada cha Malvern, ambaye alikifikiria kwa kazi ya waongozaji wa ndege. Mwaka 1986 Buick ikakitia katika motokaa yake ya Riviera. Mwaka 2007, mwaka ule ule kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma, ilitokea iPhone, na mguso ukawa lugha ya kila siku. Mwaka 2014 Apple na Google zikatangaza CarPlay na Android Auto, programu ziletazo ramani, muziki na mazungumzo ya simu juu ya kioo cha gari. Utendaji wa mambo haya si mwujiza. Kidole hupitisha umeme kidogo, na kioo hutambua mahali umeme ulipobadilika; simu na gari huungana kwa waya au kwa mawimbi ya redio. Amri nyingine, kama kufungua milango au kuwasha injini kutoka mji mwingine, kwa kawaida husafiri kwanza hadi kwenye kompyuta za kampuni, kisha hushuka ndani ya gari. Hapo ndipo kisima kilipo.

Dodoma imeupokea ufundi huu kwa namna yake. Motokaa nyingi za hapa zimeletwa zikiwa zimekwisha tumika Japani. Baadhi huamka asubuhi kwa sauti ya kike ya Kijapani, ikimkumbusha dereva kwamba hakuweka kadi ya kulipia barabara zilizo Japani. Kioo humwonyesha maandishi asiyoyasoma. Redio hushika megahezi 76 hadi 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Basi fundi hukiondoa kioo hicho na kuweka kingine kiungacho na simu, na mwenye gari hupata ramani ya nchi yake na muziki wa kwao. Huo ni msaada wa kweli, wala haufai kubezwa. Hata hivyo una gharama. Kitufe cha zamani kilitambulika kwa kupapaswa, lakini kioo ni laini kote, sharti macho yakifuate kidole. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kwa sekunde moja. Macho yakiondoka njiani kwa sekunde mbili, mita 44 zimepita bila mwangalizi; na katika barabara ya Singida, ng'ombe mmoja hahitaji nafasi kubwa kuliko hiyo.

Gharama ya pili ni ile aliyoijua mwenye msafara. Amri ikipita mikononi mwa mwingine, huyo mwingine naye aweza kuamuru. Mabasi ya abiria hufuatiliwa kutoka mbali na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ili mwendo wa hatari ujulikane. Hapa mkono wa pili umetajwa na sheria, na abiria anafaidika. Lakini zipo simu za mkopo ambazo mkopeshaji huzifunga kutoka mbali malipo yakichelewa, na kijana wa bodaboda aliyefungiwa simu hupoteza kwa siku hiyo wateja ambao kwao angepata fedha ya kulipa deni. Hatari ya tatu ni ya mgeni asiyealikwa kabisa. Mwaka 2015, huko Marekani, watafiti Charlie Miller na Chris Valasek waliingia kwa njia ya intaneti katika Jeep iliyokuwa barabarani, wakaikata nguvu ya mwendo. Kampuni ikalazimika kuyaita magari 1,400,000 ili yarekebishwe.

Tangu mwaka 2019 laini za simu nchini husajiliwa kwa alama za vidole, kama wazee wetu wasioandika walivyotia dole gumba katika karatasi. Kidole kiamuruacho, basi, ndicho kile kile kifungacho mkataba. Kila tugusapo neno la kukubali tunalipa hongo, aghalabu bila kuuliza mtemi ni nani. Wasafiri wa zamani walikuwa na nafuu moja: walijadiliana kwa lugha iliyofasiriwa, wakaijua bei ya maji kabla ya kunywa. Yafaa sisi nasi tuipate nafuu hiyo. Mikataba ya vyombo hivi na iandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka, itaje ni nani mwingine awezaye kuifunga simu au gari, kwa sababu gani, na kwa idhini ya nani. Kazi hiyo yawangoja wanafunzi wetu wa lugha na wa sheria pamoja. Mtemi wa Ugogo alijulikana kwa jina na kwa mahali alipokaa. Mwenye motokaa anastahili kumjua wake vivyo hivyo.