Boy, Simba wa Sinema

Kabla ya kuigiza, Boy na dada yake Girl walikuwa nembo hai ya Scots Guards, kikosi cha jeshi la Uingereza kilichokuwa Kenya. Mwaka 1964 wakapelekwa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, ilikopigwa filamu ya Born Free, kisa cha Elsa, simba jike aliyelelewa na Joy na George Adamson. Mshauri wa simba alikuwa George mwenyewe.

Upigaji picha ulipokwisha, simba wengi waliotumika waliishia kwenye bustani za wanyama. Malipo duni, kwa kweli, kwa filamu iliyosifu uhuru! Boy, Girl na simba mwenzao Ugas walinusurika: George aliwachukua hadi Meru akawafundisha kuwinda.

Baadaye Boy alivunjika mguu. Alitibiwa, akauguzwa Elsamere, Naivasha, kisha mwaka 1970 akahamia Kora pamoja na George. Mwaka uliofuata Boy alimuua mfanyakazi wa kambi. George alimpiga simba huyo risasi kwa mkono wake mwenyewe.

George aliuawa na majambazi hukohuko Kora tarehe 20 Agosti 1989. Kaburi lake liko Kora.