Jinsi Ufaransa inavyonunua pwani yake kwa fedha za umma

KWA muda wa nusu karne, Ufaransa imekuwa ikitumia fedha za umma kununua vipande vya pwani yake. Ardhi hiyo hainunuliwi kwa ajili ya kujenga bandari wala hoteli, bali ili pasijengwe chochote juu yake.

Kazi hiyo imekabidhiwa shirika la umma liitwalo Conservatoire du littoral, ambalo makao yake makuu yako katika mji wa Rochefort. Liliundwa kwa sheria ya Julai 10, 1975, wakati wa utawala wa Rais Valéry Giscard d'Estaing.

Hofu iliyozaa sheria hiyo ilikuwa ya kweli. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, wafanyakazi wengi walianza kumiminika baharini wakati wa likizo, na nyumba za kifahari na hoteli zikaota kandokando ya fuo. Serikali yenyewe ilichochea wimbi hilo, kwani kuanzia mwaka wa 1963 iliendesha mradi mkubwa wa miji ya kitalii katika pwani ya Languedoc, ukiwemo mji wa La Grande-Motte.

Watunga sera walitambua kwamba kupiga marufuku ujenzi hakutoshi. Amri inayotolewa na diwani wa leo inaweza kutenguliwa na diwani wa kesho. Ardhi iliyo mali ya umma, hata hivyo, haitikisiki kwa urahisi hivyo.

Nchini Uingereza, shirika la National Trust lilikuwa limeanza kampeni ya kununua pwani mwaka wa 1965, lakini hilo ni shirika la hisani. Ufaransa ilichagua kuifanya kazi hiyo kuwa jukumu la dola.

Conservatoire hupata ardhi kwa njia kadhaa. Ya kwanza, na ndiyo inayopendelewa, ni maafikiano na mwenye shamba, kwa bei inayozingatia makadirio ya wathamini wa serikali. Ya pili ni haki ya kutangulia kununua. Mmiliki anapotaka kuuza ardhi iliyo katika maeneo maalumu, hulazimika kutoa taarifa kwanza, na shirika linaweza kuchukua nafasi ya mnunuzi. Mara chache sana, ardhi hutwaliwa kwa lazima na mwenyewe akalipwa fidia. Baadhi ya familia huitoa kama zawadi, au huikabidhi dola kama malipo ya kodi ya urithi.

Fedha hutoka wapi? Tangu mwaka wa 2006, chanzo kikuu kimekuwa ushuru wanaotozwa wenye mashua za starehe. Mantiki yake ni nyepesi: anayeistarehea bahari na achangie kuitunza. Serikali za mitaa, Umoja wa Ulaya na wahisani pia huongezea.

Nguzo ya mpango mzima ni sharti moja. Ardhi ikishaingia katika miliki ya kudumu ya shirika hilo, haiuzwi. Ili kipande kiondolewe, ni lazima robo tatu ya wajumbe wa bodi wakubali, kisha itolewe amri maalumu baada ya kupata maoni ya Conseil d'État, chombo cha juu kabisa katika masuala ya sheria za utawala. Kwa utaratibu huo, shirika limejikusanyia zaidi ya hekta 200,000, zikiwemo fuo, vinamasi, misitu na visiwa.

Shirika halisimamii ardhi hiyo peke yake. Huingia mikataba na serikali za mitaa na vyama vya uhifadhi, ambavyo huajiri walinzi. Wafugaji huruhusiwa kulisha mifugo na wavuna chumvi kuendelea na kazi zao, mradi wafuate masharti. Umma nao huruhusiwa kuingia bila malipo katika sehemu nyingi.

Hata hivyo, kumiliki ardhi si kuimiliki bahari. Kati ya mwaka wa 2008 na 2012, shirika lilinunua takriban hekta 6,500 za mashamba ya zamani ya chumvi huko Camargue, kusini mwa nchi. Badala ya kuendelea kukarabati kuta zilizokuwa zikizuia mawimbi, iliamuliwa kwamba maji yaachwe yapite. Baadhi ya wakazi walilalamika kuwa ardhi iliyolindwa na wazee wao ilikuwa ikitelekezwa. Watetezi wa uamuzi huo walijibu kwamba vinamasi hupunguza nguvu za mawimbi, na kwamba gharama ya kupigana na bahari haina mwisho.

Sera hii imefika pia katika Bahari ya Hindi. Shirika hilo linatunza sehemu za fuo na mikoko kisiwani Mayotte, ambako wakazi wengi huzungumza Kimaore, lugha iliyo na undugu na Kiswahili.

Nchini Kenya, njia iliyofuatwa ni tofauti. Katiba ya mwaka wa 2010 inatamka kwamba ardhi yote iliyo kati ya alama za maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Misitu ya kaya za Mijikenda, ambayo baadhi yake iliorodheshwa na Unesco mwaka wa 2008, hulindwa kwa sheria na kwa mila za wazee. Serikali iliponunua shamba la ekari 930 huko Likoni kwa takriban Sh1.1 bilioni, na hati kutolewa mwaka wa 2016, lengo lilikuwa kuwapa maskwota makao, wala si kuhifadhi ufuo.

Tofauti hiyo inaeleweka, kwani penye watu wasio na ardhi, kununua shamba na kuliacha tupu ni jambo gumu kulitetea. Lakini mfano wa Ufaransa unaonyesha kwamba bei ya ufuo haingoji. Kipande kilichoweza kununuliwa kwa bei ya malisho huwa hakishikiki tena pindi hoteli ya kwanza inaposimama kando yake.